Senta Kutoka Karagita

Alikuja shule yetu ya bweni hapa Nakuru akiwa kidato cha tatu, katikati ya muhula, na siku ya kwanza alienda moja kwa moja kwenye dawati la nyuma kabisa bila kuambiwa. Tangu shule ya msingi wenzake walikuwa wakilalamika kwamba anawaziba ubao, kwa hivyo alikuwa amezoea kuchagua kona kabla mwalimu hajafungua mdomo. Hata akiwa amekaa alitupita sote. Alikuwa na mazoea ya kuinamisha mabega na kukunja shingo, na ukimwona kwa nyuma ungedhani ni mama mzee anayetafuta kitu kilichomwanguka.

Mimi nilikuwa darasa hilo hilo, nahodha wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Ni mfupi, sikuwahi kurefuka, na katika mchezo ule mfupi hupewa kazi ya gadi, yaani yule anayepandisha mpira na kuamua nani aupate. Timu yetu ilikuwa na magadi wazuri wanne lakini hatukuwa na mtu hata mmoja wa kusimama chini ya pete. Mtu huyo huitwa senta. Kila mwaka tulitolewa mapema na shule ambazo senta wao alinyoosha tu mkono na kuuchukua mpira juu ya vichwa vyetu. Kwa hivyo msichana yule alipoingia darasani niliacha kusikiliza somo. Wakati wa mapumziko nikamfuata.

"Sasa. Unacheza basketi?"

"Sichezi kitu."

"Kwa nini?"

"Mama hawezi kubali. Zile kaptula."

Kanisa lao lilikataza wanawake kuvaa kaptula na suruali. Alivyolisema jambo hilo, nilimwona amefurahi kuwa na sababu.

Mwalimu wetu wa michezo alifundisha jiografia. Alikuwa mtu mpole, na filimbi alitembea nayo mfukoni hata akienda harusini. Nilipomweleza, hakutaka kumlazimisha msichana. Alisema twende tukamwone mama mwenyewe. Jumapili ya mapumziko tukaenda Naivasha sote watatu, tukachukua bodaboda mpaka Karagita.

Mama yake alipanga chumba kimoja katika safu ndefu ya vyumba vya mabati, mfereji mmoja kwa ploti nzima. Alifanya kazi kwenye shamba la maua karibu na ziwa, katika banda la kupakia. Siku nzima alisimama mbele ya meza yenye mistari akipima mashina ya waridi, marefu huku, mafupi kule. Alitupa chai na mandazi, akatusikiliza bila kutukatiza, halafu akauliza swali moja.

"Mwalimu, huo mchezo unataka mtoto wangu afanye nini hasa?"

Nilitarajia mwalimu aanze kuzungumzia vyuo na ufadhili. Alifikiria kidogo, akasema, "Kwanza kabisa, mama, unataka asimame wima."

Mama akamgeukia binti yake, aliyekuwa amejikunja kwenye kistuli karibu na mlango. Akamtazama kwa muda.

"Hilo nimemwambia tangu darasa la nne," akasema. "Nikamwambia kazini kwetu waridi refu ndilo linatangulia kwenda ng'ambo. Hasikii."

Wakakubaliana kwamba atavaa taiti nyeusi chini ya kaptula, mpaka kwenye kifundo cha mguu, na mama atazungumza na mchungaji. Taiti hizo alizivaa miaka yote aliyocheza, hata katika nchi za joto, hata pale ambapo hakukuwa na mtu wa kanisa lao wa kumwona. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akasema alimwahidi mama, si mchungaji.

*

Sitadanganya kwamba alikuwa na kipaji cha kuzaliwa. Mwezi wa kwanza hakuweza kudaka mpira. Nilimpasia ukampiga kifuani, ukampiga kwenye paji la uso, mara moja ukapita katikati ya mikono yake ukamgonga mwalimu aliyekuwa nyuma yake akiandika. Wasichana walicheka. Yeye aliomba msamaha kila mara, hata mpira wenyewe nadhani aliuomba msamaha.

Shida yake ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Aliogopa kuumiza watu. Kazi ya senta ni kugombania nafasi kwa mgongo, makalio na mabega, na yeye kila alipoguswa alisogea. Maisha yake yote alikuwa amejifunza kuwapisha watu, darasani, kanisani, kwenye mlango wa bweni. Sasa tulikuwa tukimwambia akatae kupisha, na mwili wake haukuelewa lugha hiyo.

Tulifanya mazoezi sisi wawili kila jioni kabla ya chakula. Mimi nilirusha, yeye akadaka. Tulianza karibu sana, hatua tatu, kama watu wanaorushiana chungwa, tukawa tunarudi nyuma wiki kwa wiki. Mwalimu alimfundisha kuinua kiganja ili nione pa kuuweka mpira. Kufikia mwisho wa muhula sikuhitaji tena kumtazama usoni. Kiganja chake kikiinuka juu ya vichwa vya watu, nilijua.

Halafu siku moja, mazoezini, alizunguka haraka akiwa na mpira na kiwiko chake kikanipata mdomoni. Jino la mbele likatoka. Sikuona uchungu mara moja. Niliona tu uso wake ukibadilika, na kabla sijatema damu alikuwa ameshaweka mpira chini na kuondoka uwanjani.

Hakurudi kwa wiki mbili. Darasani alikuwa akinikwepa. Mwalimu alijaribu kumbembeleza, akashindwa. Hatimaye nikamkuta kwenye karo la kufulia nguo, peke yake, nikaenda nikasimama mbele yake na pengo langu.

"Ukiacha kucheza, hili jino limeenda bure," nikamwambia.

"Nilikuumiza."

"Uliniumiza kwa sababu ulizunguka vizuri. Hujawahi kuzunguka hivyo. Mimi ndiye nilikuwa mahali pabaya."

Alisugua shati lile lile kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nimeenda kwa daktari wa meno, na kama bado inauma, na kama mama yangu amekasirika. Nikamjibu yote. Kesho yake alikuja mazoezini. Hakuacha kuwa mpole, lakini tangu siku ile alijua tofauti ya kumdhuru mtu na kukataa kumpisha, na akiwa ndani ya mistari ya uwanja hakumpisha mtu tena.

*

Tulipomaliza shule, timu moja ya hapa Nakuru ilituchukua sote wawili. Ilicheza ligi kuu, ingawa uwanja wetu ulikuwa wa saruji na hauna paa, na upepo wa kutoka upande wa ziwa ulisukuma mipira ya mbali. Mimi nilikuwa nikiishi kwetu, mtaa wa Free Area. Babu yangu alikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, na familia haikurudi tena. Nilipata kazi kwenye kiwanda cha maziwa, ya kupima maziwa yanayoletwa na wakulima asubuhi. Yeye alipanga chumba karibu na kwetu na kufanya kazi ya karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jioni tulikutana uwanjani.

Katika miaka mitatu tuliyocheza pamoja pale nilipata jina. Nilifunga sana. Msimu wa pili na wa tatu nilipewa tuzo ya mfungaji bora wa timu, vikombe viwili vya plastiki vilivyopakwa rangi ya dhahabu, na mama yangu akaviweka juu ya kabati la vyombo mahali ambapo kila mgeni angeviona. Watu wa mtaani waliniita gadi. Nikienda dukani, muuza duka aliniuliza wikendi tunacheza na nani. Nilijiona mtu mkubwa.

Halafu yeye akapata mkataba Kigali. Timu ya huko ilimwona kwenye mashindano, ikamtumia barua, na mwezi mmoja baadaye tulikuwa tukimsindikiza. Mama yake alikuja kutoka Karagita na maua ya zawadi aliyopewa kazini, mafupi, yale yasiyofaa kuuzwa nje, akayafunga vizuri kwa karatasi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu mtu tuliyemjua alikuwa anaenda kulipwa kwa kucheza tu.

Msimu uliofuata nilishindwa kufunga.

Mwanzoni nilidhani mkono wangu una shida. Nilibadilisha viatu, nikaenda kwa daktari wa macho. Nilikuwa narusha kama zamani lakini kila mara kulikuwa na mkono usoni mwangu, kila mara mtu amenikaribia. Mwalimu wetu, ambaye wakati huo alikuwa kocha wa timu ya ligi pia, alinitazama kwa mechi nne. Jioni moja akaniita nyumbani kwake, akafungua kompyuta na kunionyesha mechi za msimu wa nyuma, zilizorekodiwa kwa simu na mtu wa benchi.

"Usiangalie mpira," akaniambia. "Angalia yeye."

Nikaangalia. Nikifunga mara ya kwanza, dakika ya pili, kabla sijarusha kuna mwili mrefu uliokuja ukasimama njiani mwa mtu aliyenikaba. Wachezaji huiita skrini. Senta anakuja, anatulia, mimi napita karibu kabisa na bega lake, na yule anayenikaba anamgonga yeye. Mimi nabaki huru. Nikifunga mara ya pili, ni hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne. Kwenye picha ile iliyotikisika niliona mtu akigongwa mbavuni kwa ajili yangu usiku na mchana wa msimu mzima, na kila nilipofunga mimi nilikuwa nikikimbia kurudi nyuma nimeinua ngumi, na yeye alikuwa akijisugua ubavu na kukimbia nyuma yangu. Hata mara moja sikugeuka.

Nilimpigia simu siku ile ile. Nikamwambia nimeangalia mechi.

"Mechi gani?"

"Zetu. Skrini zako. Kwa nini hukuwahi kusema?"

Nikasikia watu wakiongea Kinyarwanda nyuma yake.

"Ningesema nini? Wewe ulikuwa unafunga," akasema. "Nilikuwa naona raha."

*

Alicheza Kigali misimu mitatu, kisha Kairo miwili. Maisha yake ya huko niliyajua kwa simu. Aliniambia kwamba mchezaji wa kulipwa hufundishwa kula, kulala na kukaa kwenye maji ya barafu. Aliniambia kwamba Jumapili ndiyo siku ngumu, maana wenzake walienda kwa familia zao na yeye alibaki na jiko la umeme na kitabu cha nyimbo za kanisani. Alijifunza Kinyarwanda cha sokoni na Kiarabu cha uwanjani, kwa hivyo katika Kiarabu alijua kusema "nyuma yako", "kushoto", "nimemshika", na karibu hakuna kingine. Kuzungumza ni nusu ya kazi ya senta. Yeye ndiye anayeona uwanja wote akiwa amesimama mbele ya pete, na anapaswa kuwaambia wengine kinachokuja. Msichana ambaye darasani hakuinua mkono hata mara moja alikuwa akipaza sauti kwa lugha tatu.

Nilimuuliza ni mechi gani aliyocheza vizuri kuliko zote. Akanitajia moja ya Kairo ambayo alifunga pointi nne.

"Nne tu?"

"Yule senta wao alikuwa anafunga ishirini kila mechi. Siku hiyo alifunga sita. Usiku nilishindwa kupanda ngazi."

Kwa mshahara wake wa kwanza mkubwa alinunua ploti ndogo Longonot, chini ya mlima, na kwa wa pili akaanza kujenga. Alitaka mama yake atoke Karagita. Mama alisema ataendelea na kazi yake mpaka astaafu, asiharakishwe, lakini nyumba ikijengwa hatakataa kuja kuiangalia. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda kusimamia, kwa sababu Nakuru si mbali. Siku ya kupima milango nilimpa fundi karatasi aliyonitumia yeye kutoka Kairo. Fundi akaisoma, akanitazama mimi mfupi, akaisoma tena.

"Boss, hii ni nyumba ama kanisa?"

"Ni nyumba. Mwenyewe ni mrefu."

"Mrefu aje?"

Nikamwonyesha kwenye ukuta. Akapanda kwenye jiwe akaweka alama, akashuka, akarudi nyuma kuitazama alama yake. Halafu akaongeza kidole kimoja juu yake, akasema, "Wacha apite akiwa na kofia."

Alipokuja likizo mwaka ule aliingia sebuleni, jikoni, chumbani, na choo cha nje, mlango baada ya mlango. Hakuinama popote. Mama yake alikuwa amesimama kwenye kizingiti akimtazama. Alienda kuweka chai motoni.

*

Goti lake liliharibika Kairo, msimu wa pili, kwenye mazoezi ya kawaida, bila mtu kumgusa. Aliruka, akashuka, akasikia kitu kikikatika. Timu ilimlipia ndege ya kurudi na hapo mkataba ukaishia, kwa sababu kulikuwa na kifungu kinachosema hivyo na yeye alikuwa ametia sahihi bila kukisoma. Alifanyiwa upasuaji Nairobi kwa akiba yake mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Nilimtembelea Longonot kila wikendi niliyoweza. Mara ya kwanza alikuwa kitandani. Baadaye alitembea na magongo mpaka barabarani, baadaye bila magongo mpaka kituo cha treni, na baada ya miezi mingi alianza kupanda njia ya mlima, mwanzo wake tu, mahali ambapo vumbi ni jepesi na mguu hauumii sana ukianguka. Nilipanda pamoja naye. Alipanda polepole huku akihesabu pumzi. Sikumsikia akilalamika. Nilimsikia mara moja tu akisema, tukiwa tumekaa juu ya jiwe, kwamba hakutaka kuacha kwa njia ile, kwenye mazoezi, siku ya kawaida, huku mtu mwingine akikusanya mipira.

Akarudi kwenye timu yetu ya Nakuru. Mimi nilikuwa bado nacheza, mzee wa timu, na kocha alikuwa yule yule mwalimu. Lakini kulikuwa na senta mwingine. Msichana wa miaka kumi na tisa kutoka kwa wafugaji wa upande wa Marigat, mwembamba, mwepesi, anayeruka juu bila kujitayarisha. Alimwita rafiki yangu dada, akampisha aanze kunywa maji.

Nilidhani yatakuwa rahisi. Kwa wiki tatu nilimwona rafiki yangu akishindwa. Goti lilimruhusu kwenda mbele lakini si kando, na msichana yule alikwenda kando. Alimpita. Alimruka. Alifanya hivyo bila dharau, kwa sababu ndivyo alivyocheza, na nadhani hilo ndilo lililouma zaidi. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika. Alikuja mazoezini bila kusalimu watu.

Wiki ya nne alianza kutumia mambo aliyojifunza ng'ambo. Kuna mambo ambayo senta mzoefu huyafanya na refa hayaoni. Unashika ukingo wa kaptula ya mwenzako kwa vidole viwili. Unamkanyaga kidogo kabla hajaruka. Unaweka kiwiko chini ya mbavu na kumsukuma mpira ukiwa hewani. Alimfanyia yote. Na jioni moja msichana yule aliporuka, yeye alimvuta, na msichana akaanguka kwa shavu kwenye saruji.

Kila mmoja wetu alikuwa ameona. Msichana alikaa chini akijishika uso, akamtazama, akionekana hajui amekosea nini. Rafiki yangu akachukua begi lake akaondoka. Nilikumbuka vile alivyoondoka siku ya jino langu, na nikaogopa kwamba safari hii hatarudi kabisa.

Kesho yake nilipofika uwanjani alikuwa ameshafika. Msichana alipokuja, na plasta shavuni, yeye alimwendea mbele yetu sote.

"Jana nilikuangusha makusudi," akasema. "Haikuwa ajali. Nimekosa. Naomba unisamehe."

Msichana alitazama chini. "Ni sawa, dada."

"Si sawa. Lakini leo nataka nikuonyeshe nilivyofanya."

Akamsimamisha chini ya pete. Akamwonyesha vidole viwili vilipomshika kaptula, na jinsi ya kugonga kifundo cha mkono unaoshika bila refa kuona. Akamwonyesha mguu unaokanyagwa ni upi na jinsi ya kuuweka nyuma. Akamwonyesha kiwiko. Kila ujanja aliomfanyia wiki ile alimfundisha, na kila ujanja akamfundisha kinga yake, polepole, akirudia, mpaka giza likaingia na mpira ukawa hauonekani. Sisi wengine tulisahau kufanya mazoezi yetu. Nimewaona watu wakiomba msamaha kwa maneno mazuri kuliko yale. Sijaona mtu mwingine aliyetoa silaha zake zote, moja moja, akamkabidhi mtu anayechukua nafasi yake.

Tangu siku hiyo msichana alianza mechi na yeye akakaa benchi, karibu na kocha, akipaza sauti. "Nyuma yako. Kushoto. Tulia." Akiingia, aliingia dakika chache.

*

Mechi ya mwisho ya msimu ule ilikuwa ya kuamua kama tunabaki ligi kuu au tunashuka. Tulicheza kwetu, Jumamosi mchana, na watu walijaa hata juu ya ukuta. Timu ya Nairobi ilikuwa na senta mnene, mwenye nguvu, aliyemsukuma msichana wetu mpaka akapata faulo ya nne mapema. Moja zaidi na angetoka. Kocha akamketisha. Rafiki yangu akaingia na kumkaba yule mnene kwa robo nzima ya mwisho, kwenye goti lile, na kutoka nilipokuwa nilisikia jinsi alivyokuwa akipumua.

Zikabaki sekunde chache, tumepitwa pointi moja, mpira wetu. Kocha akaita mapumziko, akamrudisha msichana na kuwaacha wote wawili ndani. Alitaka nirushe mimi.

Rafiki yangu akaja akasimama njiani mwa mtu wangu. Nikapita begani kwake. Nikasikia yule mtu akimgonga. Nikawa huru kabisa, kama zamani, nikarusha, na mara mpira ulipotoka mkononi nikajua ni mfupi, hautaingia.

Safari hii nilimtazama yeye. Alishageuka. Alikuwa ameweka mgongo wake kwa yule senta mnene, na mkono mmoja umeshikilia nafasi mbele ya mchezaji wa pili wa Nairobi, na amejishusha chini, amepanua miguu, anasukumwa na watu wawili na hasogei. Hakuruka. Nadhani hangeweza kuruka. Alikaa tu pale, na nyuma ya mgongo wake kukawa na eneo tupu, na katika eneo lile msichana wa Marigat akaruka peke yake, akaudaka mpira uliogonga pete na kuurudisha ndani kabla hajashuka.

Watu walimiminika uwanjani. Msichana akabebwa juu. Mtangazaji wa redio ya hapa akamtafuta msichana, kisha akanitafuta mimi. Yeye alikuwa bado chini ya pete, amekaa kwenye saruji, anafungua kamba za viatu. Nilipita katikati ya watu nikaenda nikakaa kando yake.

"Nilikosa," nikasema.

"Niliona mpira ni mfupi ukiwa bado hewani."

"Goti je?"

"Usiniulize leo."

Nilimwambia asante. Nilikuwa nimechelewa miaka kumi na kitu kulisema neno hilo, na halikutosha, lakini nililisema. Akanipiga begani kwa ile mikono mikubwa, akaniomba nimsaidie kuinuka.

Hiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho. Siku hizi anafundisha wasichana warefu wa shule za hapa Nakuru siku tatu kwa wiki, na siku nyingine yuko Longonot anafuga kuku na mama yake, ambaye amestaafu na anadai kuku wanalishwa vibaya. Mwaka huu msichana wa Marigat aliletewa mkataba kutoka Kigali. Alikuja nao Longonot nikiwepo. Wakakaa mezani tangu baada ya chakula cha mchana mpaka kuku wakaingia bandani, wakiusoma kifungu kwa kifungu, na kila walipofika kwenye neno ambalo hawakulielewa, waliliandika kando ili wamuulize wakili. Msichana alichoka mapema. Akasema, "Dada, si nitie tu sahihi?" Yeye akamsogezea chai, akafungua ukurasa unaofuata, akaweka kidole chake kirefu kwenye mstari wa kwanza.

"Soma hapa," akamwambia. "Kwa sauti."